Mashindano ya Gofu ya Hisani ya Kumuenzi Mtangazaji wa Michezo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mashindano ya gofu ya kumuenzi mtangazaji aliyekuwa mwanzilishi katika fani yake yanapotangazwa, maswali huja kutoka pande tatu. Wapo wacheza gofu wanaotaka kujua kanuni za siku, wapo mashabiki wa mtangazaji ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa gofu, na wapo wafadhili wanaotaka kujua fedha zao zitaishia wapi. Nimekaa kwenye kamati za mashindano haya kwa miaka kadhaa, na nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila msimu. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili. Mengine nimeyapa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo moyo wa shughuli yenyewe.

Alitangaza mpira wa miguu maisha yake yote. Kwa nini tunamuenzi kwa gofu?

Swali hili huulizwa kwa uchungu kidogo, na ni haki. Jibu la kwanza ni la fedha. Gofu inachangisha vizuri kwa sababu ya umbo lake. Watu wanne hutembea pamoja kwa muda wa saa nne au tano, na muda mwingi hawapigi mpira, wanazungumza. Uwanja una mashimo 18, na kila shimo linaweza kupata mdhamini wake. Tena hendikapu, yaani nafuu ya mapigo anayopewa mchezaji dhaifu, inamwezesha anayejifunza kucheza kundi moja na bingwa bila mmoja wao kupoteza siku yake. Mechi ya soka ya hisani inajaza watazamaji, lakini uwanjani ni watu 22 kwa dakika 90, na mfadhili mwenye umri wa miaka 68 hawezi kukimbia nao.

Jibu la pili ni la historia. Watu wa redio na gofu ya hisani wamekuwa pamoja kwa muda mrefu. Mwaka 1937 Bing Crosby, mwimbaji aliyeingia kila nyumba ya Marekani kupitia redio, aliwaalika wachezaji wa kulipwa na marafiki zake wa ridhaa wacheze pamoja Rancho Santa Fe, California. Mwaka 1947 mashindano hayo yalihamia Pebble Beach, na mpaka leo yanachezwa huko kwa jina jingine. Danny Thomas, mchekeshaji wa redio na televisheni, alianzisha hospitali ya watoto ya St. Jude iliyofunguliwa Memphis mwaka 1962. Kuanzia 1970 mashindano ya gofu ya jiji hilo yalibeba jina lake na kuchangia hospitali hiyo. Peter Alliss, aliyetangaza gofu BBC kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 2020, aliitumia gofu kuchangisha viti vya magurudumu vyenye mota kwa watoto.

Hata hivyo, uwanja mzuri na bango lenye picha yake havitoshi. Nimehudhuria mashindano ambayo jina la mtangazaji lilikuwa kwenye fulana na kombe, na kutwa nzima hakuna aliyeisikia sauti yake. Hayo yalikuwa mashindano mazuri ya gofu. Kumuenzi mtangazaji ni jambo jingine.

Neno "mwanzilishi" lina maana gani hapa? Si kila mtangazaji mzee ni mwanzilishi.

Kweli kabisa. Mwanzilishi ni yule aliyefanya kazi kabla haijawa na mfano. Tarehe 5 Agosti 1921, Harold Arlin wa kituo cha redio cha KDKA, Marekani, alitangaza mechi ya besiboli kati ya Pittsburgh Pirates na Philadelphia Phillies. Hapakuwa na mtu wa kumwiga. Mchezo mzima wa kitaalamu wa besiboli haukuwahi kusikika redioni kabla ya siku hiyo. Tarehe 15 Januari 1927 BBC ilimweka Teddy Wakelam, mchezaji wa zamani wa raga, kwenye kibanda pale uwanja wa Twickenham, London, atangaze mechi ya England na Wales. Hakujua aanzie wapi. Basi wakamkalisha mtu asiyeona karibu naye, wakamwambia amsimulie huyo. Sijawahi kusikia somo bora zaidi la utangazaji: msimulie asiyeona aliye mbele yako, na maelfu watakuelewa.

Uanzilishi pia ni kufungua mlango uliofungwa. Gayle Sierens alitangaza mechi ya NFL, ligi ya soka ya Kimarekani, tarehe 27 Desemba 1987, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Na upo uanzilishi wa lugha. Wasikilizaji wa Kiswahili wanamkumbuka Leonard Mambo Mbotela, aliyekuwa hodari kwenye mpira na pia kwenye kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?". Maneno kama kandanda, kabumbu, dimba na mkwaju wengi wetu tuliyapata redioni kabla ya kuyaona yameandikwa. Mtangazaji wa mahali, aliyekuwa wa kwanza kusafiri hadi viwanja vidogo na kuwataja wachezaji wa vijijini kwa majina yao yote, ni mwanzilishi hata kama mji wa jirani haumjui.

Kamati isiyoweza kueleza kwa sentensi mbili ni mlango gani mtu wao aliufungua, ikae kwanza iandike sentensi hizo. Zitahitajika kwenye kila barua ya kuomba udhamini.

Sijawahi kushika fimbo ya gofu. Ninakaribishwa?

Ndiyo. Karibu mashindano yote ya hisani huchezwa kwa mtindo wa skrambo, ambao unambeba asiyejua. Kila mmoja katika timu ya watu wanne anapiga mpira wake. Mnakwenda mnatazama ni upi umekaa pazuri, wote mnachukua mipira yenu, kisha kila mmoja anapiga tena kutoka pale. Mnaendelea hivyo hadi mpira uingie shimoni, na timu inaandika hesabu moja tu. Pigo lako baya halihesabiwi popote. Pigo lako moja zuri, hata likiwa la kusukuma mpira mita mbili kwenye griini, yaani nyasi fupi sana zinazozunguka shimo, linaweza kuiokoa timu.

Kamati nyingi huweka sharti kwamba pigo la kwanza la kila mchezaji litumike walau mara mbili au tatu katika mashimo 18. Sharti hilo nalipenda sana. Linamlazimisha nahodha kumsubiri na kumtia moyo mchezaji mchanga, na likikosekana bingwa mmoja hucheza peke yake huku watatu wakimsindikiza.

Kama una wasiwasi, nenda uwanja wa mazoezi mara mbili kabla ya siku na umwombe mkufunzi akuonyeshe jinsi ya kushika fimbo na jinsi ya kusimama. Mengine utayaona siku yenyewe.

Hendikapu yangu ina kazi gani katika skrambo?

Hendikapu ni makadirio ya mapigo ambayo mchezaji huzidisha juu ya hesabu ya kawaida ya uwanja. Tangu 2020 dunia imekuwa na mfumo mmoja, na kiwango cha juu ni 54.0 kwa wanaume na wanawake. Katika skrambo kamati huchukua asilimia fulani ya hendikapu ya kila mmoja, kubwa kwa mchezaji bora na ndogo kwa mchezaji dhaifu, na kuzijumlisha ili ipatikane hendikapu ya timu. Asiyekuwa nayo hupangiwa na kamati.

Hapa ndipo udanganyifu huingia. Mtu anajitangazia hendikapu kubwa kuliko uwezo wake ili timu ishinde kombe. Katika mashindano ya hisani jambo hili linanikera kuliko kosa jingine lolote, kwa sababu wale wanaojifunza hukata tamaa wakiona timu imemaliza na hesabu isiyowezekana. Njia rahisi ya kulipunguza ni kuitisha uthibitisho wa klabu kwa kila aliyesajiliwa na kuipangia hendikapu ya chini timu isiyo na uthibitisho.

Wachezaji wazoefu wanaotaka ushindani wa mtu mmoja mmoja wanaweza kuwekewa kundi lao kwa pointi za Stableford, yaani pointi kwa kila shimo badala ya jumla ya mapigo. Mfumo huo ulibuniwa na Daktari Frank Stableford na kutumika kwenye mashindano kwa mara ya kwanza Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Uzuri wake ni kwamba shimo likikuharibikia unapata sifuri, unaokota mpira na kusonga mbele, na waliokufuata nyuma hawasubiri.

Kwa nini wote tunaambiwa tuanze saa ileile?

Kila timu hupelekwa kwenye shimo lake, kisha king'ora kinalia na uwanja wote unaanza kwa pamoja. Mtindo huu unahusishwa na uwanja wa Walla Walla nchini Marekani, ambako mwaka 1956 mkufunzi alifyatua bunduki hewani kuwapa ishara wachezaji. Timu moja kwa kila shimo ni wachezaji 72. Mbili kwa kila shimo ni 144, na hapo mwendo unakuwa wa pole sana, saa tano na zaidi.

Faida yake kwetu ni kwamba wote mnamaliza karibu wakati mmoja, na ukumbini mnaingia pamoja. Mkianza mmoja baada ya mwingine, wa kwanza watakuwa wameshaondoka kabla wa mwisho hawajamaliza, na hotuba kuhusu mtangazaji itasikilizwa na viti.

Nivae nini?

Fulana yenye kola, suruali au kaptura ya heshima, viatu visivyochimba nyasi. Kofia. Maji. Fimbo zisizidi 14, na kama huna zako, klabu nyingi hukodisha.

Sauti yake itasikika wapi siku hiyo?

Ningependa kila mwandaaji alijibu swali hili kabla ya kuchapisha bango lolote.

Zipo njia za kufanya hivyo bila kuwasumbua wachezaji. Kwenye shimo la kwanza na la kumi, weka kipaza sauti na mtangazaji kijana amtaje kila mchezaji anapojiandaa kupiga, kwa jina kamili na kwa bashasha, kama mzee alivyokuwa akitaja kikosi kabla ya mechi. Watu wazima wenye vyeo vyao nimewaona wakitabasamu kama watoto waliposikia majina yao yakitangazwa hivyo. Kwenye mashimo mengine, badala ya ubao wa mdhamini pekee, weka maelezo mafupi ya mechi moja aliyoitangaza, pamoja na alama ambayo simu ikiielekea inacheza sauti yenyewe ya sekunde 30 au 40. Mashimo 18 yanatosha kusimulia maisha ya kazi ya mtu. La kwanza liwe siku aliyoshika maikrofoni mara ya kwanza, la mwisho liwe matangazo yake ya kuaga.

Sauti izimwe wakati mtu anapiga. Gofu ni mchezo wa kimya, na mtangazaji yeyote wa kweli alijua wakati wa kunyamaza.

Tatizo ni kwamba mara nyingi sauti hazipo. Matangazo ya zamani yalikwenda hewani yakapotea, na yaliyorekodiwa yalifutwa kwa sababu mkanda ulikuwa ghali na ulitumika tena. Wala si vituo vidogo pekee vilivyofanya hivyo. Super Bowl ya kwanza, fainali ya soka ya Kimarekani ya tarehe 15 Januari 1967, ilirushwa na vituo viwili vikubwa vya Marekani, CBS na NBC, na hakuna kati yao kilichobaki na rekodi kamili ya matangazo yake. Kama jambo hilo liliipata mechi kubwa namna ile, fikiria mechi ya ligi ya wilaya.

Ndiyo sababu napendekeza kwa kila kamati kwamba sehemu ya fedha iende kwenye kuokoa sauti. Mikanda ya sumaku inaoza. Gundi inayoshika unga wa sumaku inanyonya unyevu na kuanza kunata, na mikanda mingine ya zamani hutoa harufu ya siki inapokufa. Mashine za kuisoma zinapungua, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Kituo cha watoto kinaweza kuchangiwa mwaka huu au mwaka ujao. Mkanda ulioharibika haurudi.

Wasikilizaji wake wengi walikuwa watu wasioona. Wanaweza kushiriki, au ni siku ya wenye macho tu?

Niliulizwa swali hili na baba mmoja asiyeona, mwaka wa pili wa kukaa kwangu kwenye kamati, na niliona aibu kwamba hatukuwa tumelifikiria. Aliniambia kwamba kwa miaka 30 mtangazaji yule alikuwa macho yake uwanjani. Sisi tulikuwa tumeandaa siku nzima ya kumuenzi na hatukumwalika msikilizaji wa namna ile hata mmoja.

Wanaweza kucheza. Gofu ya wasioona ina mashindano yake ya kimataifa, na wachezaji hupangwa katika makundi matatu kulingana na kiwango cha kuona, kuanzia B1 ambao hawaoni kabisa au karibu hawaoni. Mchezaji huwa na msaidizi anayemwelekeza mwili na fimbo, anamweleza umbali na mteremko, kisha anamwachia apige mwenyewe. Tangu Januari 2023 marekebisho ya kanuni kwa wachezaji wenye ulemavu yamo ndani ya kitabu cha kanuni za gofu chenyewe, Kanuni ya 25. Kwa mfano, mchezaji asiyeona anaruhusiwa kugusa mchanga kwa fimbo yake akiwa kwenye shimo la mchanga kabla ya kupiga, jambo ambalo kwa wengine ni adhabu.

Katika skrambo mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu timu nzima inakuwa msaidizi. Na hapa ndipo kazi ya mtangazaji inarudi mikononi mwetu. Mwenzako anapopiga, msimulie jirani asiyeona ulichokiona: mpira umeondoka chini, umepinda kulia, umegonga mti, umerudi kwenye nyasi fupi, umesimama hatua kumi kutoka shimoni. Ukiambiwa "sijaelewa, umerudi upande gani?", utajua ugumu wa kazi aliyoifanya mzee kila wiki. Wakelam alifundishwa kazi kwa njia hii.

Mwaka uliofuata tulikuwa na timu mbili zenye wachezaji wasioona. Walikuwa na mazungumzo marefu kuliko timu zote uwanjani, na walichelewa kumaliza. Hakuna aliyelalamika.

Yeye mwenyewe au familia yake wana sauti gani katika haya?

Wana sauti ya mwisho kuhusu jina. Kama yu hai, aombwe, asiarifiwe tu. Wapo wazee wanaotaka waenziwe wangali na masikio ya kusikia, na wapo wasiopenda makelele. Kama ametangulia mbele ya haki, familia iridhie kwa maandishi matumizi ya jina, picha na sauti yake, na ikubaliwe mapema muda wa ridhaa hiyo na nani atamiliki jina la mashindano baadaye. Nimeona ndugu wakigombana kwa sababu kamati ilizungumza na mtoto mmoja tu.

Kumbukeni pia kwamba haki za rekodi mara nyingi ni za kituo kilichorusha matangazo, si za familia. Barua mbili zinahitajika.

Fedha zinakwenda wapi hasa?

Ukiuliza hivi usione haya. Kamati inayokasirika kwa swali hili ina jambo.

Ada ya mchezaji haiendi yote kwenye hisani. Ndani yake kuna kodi ya uwanja, makedi (wabeba fimbo), chakula, zawadi na bima. Mashindano mengi madogo hula karibu chote yanachokusanya, na yanayofanikiwa ni yale ambayo gharama zimebebwa na wadhamini kabla mchezaji wa kwanza hajajisajili. Kanuni yangu ni hii: ada za wachezaji zilipe siku, udhamini na michango iende kwenye lengo. Mkifika wiki sita kabla ya siku na udhamini haujafika hata nusu, punguzeni chakula na zawadi mara moja. Msingoje muujiza wa mnada wa jioni.

Mambo matatu nisiyoyalegeza. Fedha ziingie kwenye akaunti ya mashindano au ya taasisi inayonufaika, si ya mtu binafsi, hata awe mwadilifu kiasi gani. Watie saini watu wawili kwa kila malipo. Na hesabu zitolewe hadharani ndani ya miezi mitatu zikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichokabidhiwa, pamoja na uthibitisho wa mpokeaji. Usiandike kwenye bango "mapato yote yatakwenda kwa wahitaji" kama unamaanisha kinachobaki baada ya gharama. Andika hivyo hivyo: kinachobaki baada ya gharama. Mtangazaji aliyewaambia watu matokeo ya kweli hata timu ya nyumbani ilipofungwa sita, hastahili bango la uongo.

Kuhusu nafuu ya kodi kwa mchangiaji, kila nchi ina sheria yake. Mara nyingi kinachotambuliwa ni sehemu ya mchango inayozidi thamani ya ulichopewa, kwa hiyo mtu aliyecheza, akala na kupewa zawadi asihesabu ada nzima kuwa sadaka. Risiti itenganishe viwili hivyo.

Mlengwa achaguliwe vipi?

Awe na uhusiano na maisha ya mtangazaji. Mafunzo ya utangazaji kwa vijana, vifaa vya redio ya shule, matibabu ya watu wenye magonjwa ya koo na sauti, redio na huduma za sauti kwa wasioona, hifadhi ya rekodi. Mlengwa mmoja au wawili wanatosha. Mkigawa kwa walengwa saba kila mmoja anapata kitu cha kupigia picha tu.

Naweza kununua pigo la marudio?

Katika mashindano mengi ya hisani, ndiyo. Unalipia kabla ya kuanza, unapewa tiketi, na ukiharibu unapiga tena. Weka kikomo cha mawili kwa kila mchezaji, la sivyo kombe linakuwa la mwenye mfuko mnene na mwendo unakwama.

Nimesikia kuna gari kwa atakayetia mpira shimoni kwa pigo moja. Ni kweli kamati ina gari?

Kwa kawaida haina, ina bima. Kamati hulipa ada kwa kampuni ya bima, na mtu akifanikiwa kampuni ndiyo inayolipa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa mchezaji wa kawaida ni mara 1 kwa kila mapigo 12,500. Bima ina masharti: umbali wa chini wa shimo, idadi ya wachezaji iliyotajwa kwa usahihi, mashahidi wasio wachezaji waliokaa pale muda wote, na mara nyingi wachezaji wa kulipwa hawahusiki. Mkiuza mapigo ya marudio kwenye shimo hilo bila kuiambia kampuni, bima inaweza kukataa kulipa. Shahidi akienda kunywa chai dakika kumi, hali ni hiyohiyo.

Wachezaji wa ridhaa waulize pia kuhusu hadhi yao. Kanuni zinaweka kikomo cha thamani ya zawadi za ushindi, lakini zawadi ya pigo moja la shimoni imewekewa msamaha wake.

Kampuni yetu ikidhamini shimo, tunapata nini?

Jina kwenye ubao, kutajwa kwa kipaza sauti, na mara nyingi nafasi ya timu. Ninachowaomba wadhamini ni zaidi ya fedha: wakae kwenye shimo lao. Meza yenye watu wawili wenye maji baridi na hadithi moja ya mtangazaji hukumbukwa. Ubao uliochomekwa kwenye nyasi hupitwa. Na bidhaa zisizofaa kwa watoto zisidhamini shughuli ya watoto, hata kama hundi ni kubwa.

Mvua ikinyesha?

Mvua tunacheza. Radi hatuchezi. King'ora kimoja kirefu maana yake simama papo hapo, acha mpira ulipo, weka fimbo chini na uende ndani ya jengo au gari. Usijifiche chini ya mti, wala chini ya mwavuli wenye mti wa chuma. Mlio wa mara tatu ni kusimama kwa sababu isiyo ya hatari, na milio miwili mifupi ni kurudi kuendelea. Ushauri wa usalama ni kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wapo watakaonung'unika. Wanung'unike wakiwa ndani.

Sitaki kucheza wala sina fedha nyingi. Nisaidie vipi?

Kuhesabu alama, kuwa shahidi kwenye shimo la zawadi, kugawa maji, kuongoza magari, kutafuta mipira iliyopotea ndani ya dakika tatu zinazoruhusiwa. Wanafunzi wa uandishi wa habari nawaweka kwenye kazi moja tu: kutangaza. Wapeni maikrofoni kwa zamu, na mzee mmoja wa fani awasikilize na kuwarekebisha baada ya kila kipindi. Kwa mashimo mawili ya mwisho wote wamekuwa wamechangamka, na wapo niliowasikia redioni miaka michache baadaye.

Nina kaseti ya zamani yenye sauti yake akitangaza. Niifanyeje?

Tafadhali usiichezeshe kwanza, hata kwa hamu ya kuhakikisha. Mashine chafu inaweza kuutafuna mkanda katika sekunde chache, na hiyo ikawa mara ya mwisho sauti ile kuwepo duniani. Kwenye ukingo wa juu wa kaseti kuna vijipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Vivunje, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Iweke ndani ya kasha lake, isimame kama kitabu, mahali pakavu, mbali na jua, jiko na spika kubwa.

Kisha chukua karatasi uandike unachokumbuka: nani alirekodi, nyumba ipi, mwaka gani au walau msimu gani, timu zipi, na kwa nini mliitunza. Kama kuna sauti ya mtoto anayelia au ya mama anayeita watu waje kula, yataje hayo pia, usiombe yafutwe. Weka karatasi hiyo pamoja na kaseti na ulete vyote kwenye meza ya usajili asubuhi ya mashindano. Itaandikwa namba, utapewa stakabadhi, itanakiliwa na fundi, na utarudishiwa kaseti yako pamoja na nakala.